Nihamie Nakuru au nisalie Nairobi?

Kwa muda wa takriban miaka ishirini ambayo nimefunza somo la Kiswahili katika shule za sekondari jijini Nairobi, haukupita mwaka bila ya mimi kuandika ubaoni mada ile ile ambayo hata mimi niliandikiwa na mwalimu wangu nikiwa mwanafunzi: "Maisha ya mjini ni bora kuliko maisha ya mashambani. Jadili." Wasomaji walio walimu wanaijua fika. Walio wanafunzi bila shaka wameichoka.

Mtahiniwa hutarajiwa atoe hoja nne au tano za kuunga mkono, kisha nne au tano za kupinga, na katika aya ya mwisho aeleze msimamo wake. Mjini kuna hospitali, shule, umeme na ajira. Mashambani kuna hewa safi, vyakula visivyonunuliwa na majirani wanaojuliana hali. Nimesahihisha insha za aina hiyo kwa maelfu, nikatuza alama na kukosoa upatanisho wa kisarufi, na sikumbuki hata moja iliyowahi kunikosesha usingizi.

Mwezi huu usingizi umenihama. Mwalimu mmoja anayefunza Kiswahili na Historia katika shule moja ya Nakuru alinitumia ujumbe kupitia kwa rafiki tuliyesoma naye chuoni, akiuliza iwapo ningekubali tubadilishane vituo vya kazi; yeye aje Nairobi, nami niende Nakuru. Masomo yetu yanalingana, vyeo vyetu vinalingana, na kila aliyewahi kuomba uhamisho anajua kwamba mwalimu haachiliwi kirahisi ikiwa hapana wa kuliziba pengo lake. Nafasi ya namna hii hailali njiani. Ameniomba jawabu kabla ya mwezi kwisha.

Sababu yake si ya anasa. Mkewe ni muuguzi katika hospitali moja hapa Nairobi, na kwa miaka minne sasa wameishi kama wageni wanaotembeleana. Yeye hupanda matatu Ijumaa jioni na kurejea Jumapili alasiri, huku mtoto wao wa pekee akimjua baba kuwa ni mtu wa mwisho wa juma. Aliponieleza hayo kwa simu sauti yake haikuwa ya mtu anayenung'unika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Basi nilifanya kama nilivyozoea kuwafundisha wengine. Nilichukua karatasi, nikapiga mstari katikati, upande mmoja nikaandika Nairobi na upande wa pili Nakuru.

Kabla ya kuendelea, yafaa niseme Nakuru ni mahali pa namna gani, kwa sababu mada yetu ya darasani haina nafasi yake. Mada ile inajua mji na shamba tu. Nakuru si shamba, wala si Nairobi. Reli ya Uganda ilifika hapo mwaka 1900, mwaka mmoja baada ya kufika Nairobi, na kwa zaidi ya karne nzima Nakuru ikawa mji wa wakulima wa ngano, wa shamiri na wa maziwa, mji ambao msafiri wa magharibi mwa nchi alishuka anywe chai kisha aendelee na safari yake. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Nakuru ilikuwa na zaidi ya watu laki tano na nusu, ilhali Nairobi ilikuwa na takriban milioni nne na laki nne. Mnamo Desemba mosi, 2021, Nakuru ilitunukiwa hati ya kuwa jiji, ikawa la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Eldoret ikafuata Agosti 2024. (Ajabu ni kwamba katika hesabu hiyo hiyo ya 2019, Nakuru ambayo ilikuwa bado mji ilikuwa na watu wengi kuliko Kisumu ambayo ilikwishaitwa jiji. Majina yetu na mambo yetu hayaendi sambamba kila mara.)

Hoja ya kwanza ilikuwa ya saa. Ninaishi mtaa wa Umoja, na shule yangu iko upande wa pili wa jiji, karibu na Barabara ya Ngong. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri watoto wakiwa bado wamelala, narudi saa mbili usiku wakiwa wanasinzia juu ya vitabu vyao. Kwenda na kurudi hunichukua saa tatu, siku ambayo mvua haikunyesha. Kwa kuwa mwaka wa shule una majuma 39, nilikokotoa nikapata saa 585, yaani siku 24 kamili, mchana na usiku, nikiwa nimekaa ndani ya matatu magoti yakigusa kiti cha mbele. Mwezi mzima ukikosa juma moja! Mwenzangu wa Nakuru aliniambia kwamba yeye hutembea kwa miguu hadi shuleni kwa dakika 25, na adhuhuri huweza kurudi nyumbani akala.

Nilipoona tarakimu hizo nilidhani shauri limekwisha. Lakini sharti niwe mkweli mbele ya wasomaji. Ndani ya matatu hizo hizo ndimo nilimosomea riwaya na tamthilia zote nilizosoma tangu nioe. Nyumbani sina dakika kumi za kusoma bila kuitwa. Sina hakika kwamba saa tatu nitakazookoa zitaenda kwenye vitabu. Yamkini zitaenda kwenye televisheni.

Hoja ya pili ilikuwa ya fedha, na hapa ndipo wengi hukosea. Nyumba yangu ya vyumba viwili vya kulala naipangisha kwa Sh22,000 kwa mwezi. Nakuru nilionyeshwa nyumba kama hiyo, yenye ua na mahali pa kuanika nguo, kwa Sh13,000. Tofauti ni Sh9,000. Nauli ninayotumia kila siku, ambayo haipungui Sh300, nayo ingebaki mfukoni. Hata hivyo, marupurupu ya nyumba ya mwalimu hutegemea mahali anapofanyia kazi, na ya Nairobi ndiyo ya juu kuliko yote nchini. Nikivuka kwenda Nakuru, kiwango changu kitashuka siku hiyo hiyo, na sehemu isiyo ndogo ya zile Sh9,000 itakuwa imemezwa kabla sijaiona. Fauka ya hayo, Nairobi ndiko kwenye wachapishaji wa vitabu vya shule, ambao mara mbili tatu kwa mwaka hunipa miswada niipitie. Malipo si makubwa, lakini ndiyo yaliyonunua mabati ya nyumba ya mama yangu. Wao hupenda mtu anayeweza kufika ofisini kwao kesho asubuhi.

Mama mwenyewe alikuwa hoja ya tatu. Anaishi Kakamega na anaugua maradhi ya sukari. Kutoka Nairobi safari ya kwenda kumwona hula mchana kutwa, na mara nyingi nimefika usiku na kuondoka kesho yake asubuhi, kana kwamba nilikwenda kuhesabu kuku. Nakuru iko njiani. Ningeweza kumtembelea kila mwezi. Nilipompigia simu nikamdokezea habari hizi, alicheka, akaniuliza, "Mwanangu, na mke wako amesemaje?" Nikamjibu kwamba bado sijamaliza kuandika hoja zangu. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunieleza habari za ng'ombe.

Jumamosi iliyofuata nilisafiri kwenda kujionea. Kila aliyeipita njia ile anajua jinsi nchi inavyofunguka baada ya Limuru: bonde lote chini yako, Mlima Longonot, kisha Ziwa Naivasha likimetameta kwa mbali, Gilgil, Elementaita, na hatimaye Nakuru yenyewe ikiwa imebanwa katikati, Menengai upande wa kaskazini na ziwa upande wa kusini. Mwenyeji wangu alinipokea kituoni, tukatembea kupitia Barabara ya Kenyatta hadi sokoni, kisha akanitembeza Section 58, Free Area na Lanet. Nakiri kwamba nilipendezwa. Muuza magazeti alimwamkia mwenyeji wangu, "Shikamoo, mwalimu." Mwanamke aliyekuwa akipanga nyanya alimwita na kumweleza kuhusu hesabu za mwanawe. Nimefunza Nairobi muda wote huu na muuza magazeti wa mtaani kwangu hajui kazi yangu.

Jambo hilo, hata hivyo, lina pande mbili, na mwenyeji wangu ndiye aliyenizindua. Tulipokuwa tukinywa chai aliniambia kwamba katika mji wa kadiri ile mwalimu hana saa ya kuuvua ualimu. Akikopa dukani, wazazi watajua. Akinywa chupa moja ya bia, Jumatatu itafika darasani kabla yake. "Nairobi utafungua mlango wako na kuufunga, basi," alisema. "Hapa mlango ni wa watu wote." Mimi nilitamani kule kujulikana, yeye alikuwa amechoshwa nako. Kila mmoja wetu alikuwa akikitazama chakula cha mwenzake na kukiona kitamu.

Kuna mambo mengine ambayo mtu hayaoni kwa ziara ya siku moja, na ambayo ilinibidi niulize. Maji ni mojawapo. Maji ya visima katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita moja, na visima vingi vya eneo hilo hukipita kiwango hicho. Floridi nyingi huyatia meno ya watoto madoa ya rangi ya kahawia, hasa wale ambao meno yao ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi. Mwanangu wa pili ana umri wa miaka mitano. Watu wengi hudhani kuyachemsha maji kutasaidia, kumbe moto huondoa mvuke tu na kuyaacha madini yamezidi katika maji yaliyobaki. Walimu wa sayansi wangelisisitiza jambo hili darasani ingefaa sana. Yapo machujio yanayotumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambayo Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imeyaendeleza kwa miaka mingi, nayo huipunguza floridi hiyo. Kwa hiyo si tatizo lisilo na dawa. Ni gharama ambayo haikuwa kwenye karatasi yangu.

Na ziwa nalo. Ziwa Nakuru halina mto unaoyatoa maji yake, na tangu mwaka 2010 hivi maji yamekuwa yakipanda, yakafunika barabara za mbuga na kuwatawanya wale ndege wa waridi waitwao heroe, ambao wengi wao walihamia Ziwa Bogoria. Kufikia mwaka 2020 maji yalikuwa yamevuka mipaka ya mbuga na kuwafukuza watu makwao. Upande wa magharibi wa mji ardhi ina nyufa ambazo hufunguka baada ya mvua kubwa, na si mara moja zimetokea karibu na makazi. Anayetafuta nyumba huko na aulize kwanza iko upande gani, kisha ndipo aulize kodi.

Jioni ile nilikutana na mwenye nyumba, mzee mpole aliyevaa koti la sufi. Tulipatana juu ya kodi na amana. Kisha, tulipokuwa tukiagana, akaniuliza kwa upole ule ule, "Na wewe, mwalimu, ni mtu wa wapi?"

Hakuniuliza kwa ubaya. Naamini hivyo hadi leo. Huko nyumbani kwetu Kakamega swali hilo ni la heshima, na asiyeulizwa hivyo huhisi amedharauliwa. Lakini lilinirudisha Februari 2008, katika chumba chetu cha walimu, siku ambayo mlango ulifunguliwa akaingia mwalimu mgeni aliyehamishwa kutoka Nakuru. Alikuwa na mfuko mmoja tu. Mwishoni mwa Januari mwaka huo, machafuko yaliyoanza baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yaliingia Nakuru, watu wakauawa, nyumba zikachomwa, na maelfu ya watu wakakimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo. Nchini kote watu zaidi ya 1,100 walifariki. Mwenzetu huyo alikuwa ameishi katika mtaa mmoja kwa miaka tisa. Alituambia kwamba kilichomuuma zaidi si nyumba iliyoungua, bali ni kwamba kwa miaka yote tisa aliwahi kuulizwa mara moja tu ni mtu wa wapi, siku aliyokodi nyumba. Na mara ya pili ilikuwa usiku ule.

Nisije nikauonea mji wa watu. Nairobi nayo iliwaka mwaka huo huo, huko Mathare na Kibera, na si mbali sana na ninapoishi. Tangu hapo uchaguzi umefanyika mwaka 2013, 2017 na 2022 na Nakuru haikurudia yale ya 2008. Wanaoishi huko leo ni watu wa kila kabila, wanauziana, wanaoana na kuzikana. Hata hivyo, swali la mzee yule sikuwa na safu ya kuliandikia. Ningeliweka upande upi? Kwamba mtu ajulikane na jirani zake ni faida, nami nimeshaiandika kuwa faida. Kujulikana huko huko ndiko kulikomfuata mwenzetu usiku ule. Nikakunja karatasi, nikaitia mfukoni.

Nilirejea Nairobi Jumapili. Matatu ilikwama Kinungi kwa saa nzima kwa sababu ya lori lililokuwa limeanguka, nikapata wasaa wa kuipanga hotuba yangu. Usiku, watoto walipolala, nilimweleza mama watoto kila kitu: saa 585, ua wa kuanikia nguo, mama yangu, hata maji na chujio la mifupa. Nilieleza vizuri, nadhani. Ingekuwa insha ningejipa alama 18 kati ya 20.

Alinisikiliza hadi mwisho huku akikunja nguo za watoto. Kisha akasema, "Baba watoto, mshahara wako utakufuata Nakuru. Wateja wangu hawatanifuata."

Mke wangu anauza nguo za mitumba za watoto katika soko la Gikomba. Ana meza yake huko kwa mwaka wa kumi na moja. Kila Alhamisi anayemwuzia humpa robota la nguo bila ya kupokea hata ndururu, naye hulipa Jumatano inayofuata. Hapana karatasi wala sahihi baina yao. Kuna miaka kumi na mmoja tu. Moto umelipitia soko lile mara nyingi, na wasomaji watakumbuka ule wa Juni 2018 ulioua watu 15. Meza ya mke wangu imeteketea mara mbili, katika mioto mingine, na mara zote mbili wanawake wa chama chake walichanga fedha akarudi sokoni kabla ya juma la pili kwisha. Mimi mwalimu mwenye ajira ya kudumu nilikopa benki nikakataliwa; wao hawakumwuliza chochote. Katika karatasi yangu, chini ya jina la Nairobi, nilikuwa nimeandika hivi: "Biashara ya mke (inaweza kuanzishwa Nakuru)." Maneno sita! Nilikuwa nimeyaandika miaka kumi na mmoja ya mtu mwingine kwenye mabano.

Hapa ndipo nilipotambua kasoro ya mada ile niliyowafundisha vijana kwa miaka yote hii. Mada ile hudhani kwamba anayezipima hoja ndiye pia atakayezibeba. Mtahiniwa huandika peke yake, huhama peke yake, hufaidi hewa safi peke yake. Kwa kweli nani aliyewahi kuhama hivyo? Mimi ningevuna saa tatu kila siku. Mke wangu angepoteza robota la Alhamisi. Mama yangu angeniona kila mwezi; binti yangu mkubwa angeiacha shule aliyoizoea, marafiki na mwalimu wake wa hisabati ambaye baada ya taabu nyingi amefaulu kumfanya asilihofu somo hilo. Mtoto mdogo angekuwa na ua wa kuchezea na maji ya kutilia shaka. Faida na hasara zipo, ila hazimwangukii mtu mmoja, na kuzijumlisha kana kwamba ni za mtu mmoja ni hesabu ya uongo hata kama tarakimu zake ni sahihi.

Wakuu wa elimu wenyewe walijifunza jambo hili kwa njia ngumu. Kuanzia mwaka 2018 walimu wengi, hasa wakuu wa shule, walihamishwa kutoka kaunti zao kwa hoja kwamba mwalimu hufanya kazi bora na kujenga umoja wa taifa akiwa mbali na kwao. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Lakini ndoa zilitenganishwa, wazee wakaachwa bila wa kuwaangalia, malalamiko yakafika Bungeni, na mwaka 2022 mpango huo ukasitishwa. Waliouandika walimhesabu mwalimu mmoja. Aliyehama alikuwa jamaa nzima.

Naona pia, na hili nalisema kwa wale vijana wanaotarajia kuhitimu na kukimbilia miji ya kadiri wakiamini kwamba ndiyo suluhisho la Nairobi, kwamba mji wa kadiri hausimami ukungoje. Mwenyeji wangu alinionyesha majumba ya ghorofa yanayochipuka Lanet na Kiamunyi kama uyoga. Kodi zinapanda, alisema, kwa sababu watu wa Nairobi huja na bei za Nairobi na kuziona ni rahisi. Mji wenyewe hauna pa kupanukia ila mashariki na magharibi, maana kaskazini kuna Menengai na kusini kuna ua wa mbuga. Jioni ile magari yalikuwa yamefungana barabarani kiasi cha kunifanya nijihisi nyumbani. Kila anayehamia pale kufuata utulivu anaupunguza kwa kadiri ya mtu mmoja, mke wake, watoto wake na gari lake. Dakika 25 za kutembea kwa miguu ni za leo. Sijui nitatembea dakika ngapi mwanangu wa miaka mitano atakapoingia sekondari.

Pamoja na hayo yote sikuweza kulitupa jambo lenyewe, kwa sababu ya mtu yule mwingine. Nikisema la, mimi nitapoteza ua wa kuanikia nguo; mwenzangu atapoteza mwaka wa tano wa mtoto wake, na huenda wa sita, hadi apatikane mwingine mwenye masomo kama yake. Hoja hiyo haikuwamo kabisa katika karatasi yangu, si kulia si kushoto. Nilimwambia mke wangu habari za muuguzi yule na mtoto wao. Akaacha kukunja nguo. "Mbona hukuanza na hilo?" aliniuliza.

Tulizungumza hadi saa saba usiku. Hakukubali, wala hakukataa. Aliniuliza maswali ambayo mimi sikuyauliza nilipokuwa Nakuru: marobota ya huko hutoka wapi? Je, wafanyabiashara wa Nakuru huyafuata Gikomba, au wana mlango mwingine? Meza sokoni hupatikana kwa nani, na kwa kiasi gani? Wanawake wa pale wana vyama, na mgeni hupokelewa? Mteja wa Nakuru hununua nguo za mtoto mwezi gani, Januari shule zikifunguliwa au baada ya mavuno? Sikuwa na jawabu la hata swali moja. Nilikuwa nimekaa mjini humo siku mbili, nimetazama nyumba nne, nimekunywa chai mara sita, na sokoni nilipita tu.

Tumeafikiana hivi. Jumanne ijayo atapanda matatu ya alfajiri kwenda Nakuru peke yake, akiwa na nusu robota la nguo za watoto wa miaka miwili hadi sita, ambazo ndizo zinazotoka haraka. Atakaa siku tatu. Mke wa mwalimu mwingine wa shule ile, ambaye ana meza sokoni, amekubali kumpa nafasi ubavuni mwake. Mimi nitabaki na watoto, na tayari nimearifiwa kwamba sare ya binti yetu hupigwa pasi usiku, si asubuhi. Nimempigia simu mwenzangu wa Nakuru nikamwomba anipe siku nyingine kumi. Alikaa kimya kwa kitambo, kisha akasema atangoja, na akaniuliza kama mke wangu atahitaji mtu wa kumpokea kituoni na ule mzigo.

Fomu ya kuomba kubadilishana iko mezani chini ya madaftari ya wanafunzi ambayo bado sijayasahihisha. Nimejaza jina, namba ya uajiri, masomo ninayofunza na shule ninayotoka. Mahali panapoulizwa sababu za kutaka uhamisho wameacha mistari miwili tu.